Jina Moja, Vikao Viwili

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa kuifunga huduma kwenye jina la mtumiaji badala ya kuifunga kwenye kikao chake. Nikilitaja hivyo linasikika dogo. Mafundi wawili niliowasimulia walicheka kidogo, wakasema hata wao limewahi kuwapata. Lakini hao niliwasimulia habari ya mashine tu. Habari ya watu niliiruka. Ninaiandika hapa kwa sababu kila nikiisimulia kwa mdomo nagundua nimepunguza kitu, na kila mara ni kitu kilekile.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikifanya kazi katika sekretarieti moja ya Kikula, mtaa wa mji wetu wa migodi. Ni chumba kimoja chenye mlango wa chuma, karibu na soko, ambako watu huleta karatasi walizoandika kwa mkono ili zipigwe chapa: barua za kuomba kazi, programu za mazishi, mihutasari ya mikutano, kazi za wanafunzi wanaomaliza chuo. Wasiojua kuandika, au wanaojua lakini mkono unatetemeka kwa sababu ya jambo lenyewe, hukaa kwenye kiti kando ya mpiga chapa na kusema, naye anaandika.

Mwenye sekretarieti alikuwa karani mstaafu wa kiwanda, na sote tulimwita Papa. Asubuhi mpiga chapa alikuwa mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, ambaye babu yake aliletwa kutoka Kasai, mkoa wa mbali, kufanya kazi ya mgodi. Yeye mwenyewe alizaliwa Kikula, akabatizwa Kikula, akaolewa Kikula. Tulimwita Mama Mukubwa. Kuanzia saa saba mchana alikaa dada mmoja aliyenizidi miaka michache, nami nilimwita Yaya, kama tunavyomwita huku ndugu aliyetutangulia kuzaliwa. Mimi nilikaa nyuma, kwenye meza ya kutengenezea printa, na kompyuta yangu ndogo.

Sikuisomea kazi hii. Nilijifunza kwenye simu, kwa kurasa za Kifaransa nilizohifadhi ili nizisome hata mtandao ukikatika. Aliyejifunza hivyo hana mwalimu wa kumwambia kwamba sasa inatosha. Nilikagua kitu kilekile mara nne, na nikifika nyumbani natamani kurudi nikikague mara ya tano. Mstari mmoja wa njano wa onyo kwenye kumbukumbu za mashine uliweza kuninyima chakula cha mchana. Watu waliona ni bidii. Ilikuwa hofu. Niliamini kwamba siku nitakapokosea, wote watajua sikuwa fundi tangu mwanzo.

Mashine ya kupigia chapa ilikuwa moja, na akaunti ilikuwa moja. Papa alikataa kabisa habari ya kila mtu kuwa na jina lake na neno lake la siri.

"Muntu akigonjwa, mutafanya nini? Mutaenda kumwamusha ku hôpital awapatie mot de passe?"

Kwa hiyo Mama Mukubwa na Yaya waliingia kwa jina lilelile. Saa saba mmoja alitoka, mwingine akaingia. Muda huo, tangu mtu aandike neno la siri mpaka atoke, ndio unaoitwa kikao. Wao waliuita kwa neno la kuumaliza: kufanya déconnexion.

Siku moja Mama Mukubwa aliniita.

"Mutoto wangu, hii mashini yako iko na roho mubaya. Nakopie kintu, nafunga document, nafungula ingine, nabandika, hakuna. Imemeza."

Alisema kweli. Katika mfumo ule, maneno uliyonakili yalipotea mara tu ulipofunga dirisha ulikoyatoa. Nikamwambia anipe siku mbili. Nilimwandikia programu ndogo ya kufanya kazi chinichini, isiyo na dirisha, isiyoonekana, ambayo mafundi huiita huduma. Kila kitu kilichonakiliwa iliweka, na mtu alipotaka kubandika ilimrudishia. Lakini niliwaza pia kuhusu siri za wateja. Haikufaa maneno ya mtu wa asubuhi yakae mle mpaka mchana. Kwa hiyo niliiandikia huduma ile kwamba inapokufa ifute kila kitu ilichokiweka. Sehemu hiyo ndiyo niliyojivunia kuliko zote.

Likabaki swali la muda wa kuishi. Kuna njia mbili. Unaweza kuifunga huduma kwenye kikao: kila kikao kikifunguliwa kinapata huduma yake, na kikifungwa inakufa nacho. Au unaweza kuifunga kwenye jina la mtumiaji: inaanza jina hilo linapoingia mara ya kwanza, na inakufa pale tu jina hilo linapokuwa halimo tena ndani, kwa mlango wowote. Nilichagua ya pili. Ilionekana safi zaidi. Jina moja, huduma moja, hakuna mbili za kugombania faili. Niliijaribu nyumbani: naingia, nanakili, natoka, naingia tena, nakuta patupu. Nilifanya hivyo mara ishirini. Matokeo niliyaandika kwenye daftari kwa mistari ya rula.

Nilisahau kujihesabu mimi mwenyewe. Kutoka meza yangu ya nyuma nilikuwa nikiingia kwenye mashine ile kupitia waya wa mtandao, kwa jina lilelile la wapiga chapa, ili nione kama kila kitu kiko sawa. Niliingia asubuhi, nikatoka jioni. Hakuna aliyeniomba. Machoni pa mfumo, hicho nacho kilikuwa kikao. Saa saba Mama Mukubwa alipotoka, mfumo uliangalia kama bado kuna mwenye jina hilo ndani. Alikuwapo, nilikuwa mimi. Basi huduma haikufa, wala haikufuta kitu. Kikao cha asubuhi kilipoondoka kwenye skrini, huduma ilingoja tu kikao cha mchana, kisha ikakirudishia maneno ya mwisho yaliyonakiliwa, kwa uaminifu wote niliouandikia.

Iliendelea hivyo majuma matatu bila kumdhuru mtu.

Jumatano moja, kabla ya saa sita, alikuja mama mmoja wa parokia yetu. Alitaka kumwandikia kaka mkubwa wa mume wake aje awasuluhishe. Alivuta kiti karibu sana na Mama Mukubwa na kusema kwa sauti ya chini. Mimi nilijifanya natafuta parafujo. Mama Mukubwa aliandika bila kuinua kichwa wala kuguna, kama alivyofanya siku zote, na hilo ndilo lililowaleta watu kwake. Kupiga chapa wengi wanajua. Yeye alijua kusikia jambo bila uso wake kubadilika, na kutoka nje ya mlango ule bila jambo hilo.

Karibu na mwisho, yule mama alibadili wazo. Alitaka aya iliyokuwa chini iwe juu, shemeji yake aisome kwanza. Mama Mukubwa akaikata, akaibandika juu. Aya yenyewe ilianza hivi: "Tangu Pasaka ninalala jikoni na watoto wawili." Akachapisha nakala moja, akaitia katika bahasha, akaifuta barua kwenye mashine mbele ya mwenye barua. Saa saba alifanya déconnexion, akasema kwa sauti, kama nilivyowazoeza, "Nimetoka."

Mchana, katibu wa chama cha kusaidiana cha parokia alileta muhtasari wa mkutano kwa Yaya. Ulikuwa na haraka, kwa sababu zamu ya upande wetu kukatiwa umeme ilikuwa saa tisa. Mitambo ya umeme ya Koni na Mwadingusha iko huku kwetu, lakini sisi pia tuna zamu. Yaya alikuwa na mikono ya kasi. Macho yake yalikaa kwenye karatasi ya mteja, si kwenye skrini, kama ilivyo kwa kila mpiga chapa mzuri. Kwenye jambo la tatu, ununuzi wa viti vya plastiki, katibu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba yawekwe maneno ya mkutano uliopita. Yaya alifungua muhtasari wa zamani, akachagua aya, akabonyeza kunakili. Lakini uteuzi wa maneno ulikuwa umeteleza, hakunakili kitu. Alipobandika, aliona kwa pembe ya jicho aya ikijaa mahali pake, akaendelea na jambo la nne. Tulichapisha nakala thelathini. Umeme ulipokatika, katibu alikuwa ameshafika barabarani, nasi tulifurahi kwamba tumeuwahi.

Nakala ziligawiwa Jumapili baada ya misa. Jumatatu asubuhi yule mama alirudi, karatasi ameikunja ndani ya pindo la kitenge. Hakusalimu. Aliiweka juu ya kibodi ya Mama Mukubwa.

"Soma."

Mama Mukubwa alivaa miwani, akasoma, akafika kwenye viti vya plastiki. Chini yake ilikuwa ile aya ya kulala jikoni, neno kwa neno, na jina la mume ndani yake.

"Nilikuambia weye mu sikio," yule mama alisema. "Hakukuwa muntu mwingine. Weye peke yako."

"Mama, hata bwana yangu sikumwambia."

"Basi ni nani? Ni viti njo vilisema?"

Papa alitoka chumba cha nyuma akauliza kuna nini. Akapewa karatasi. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akavua miwani.

"Ulibakisha mashini wazi?" alimuuliza Mama Mukubwa.

"Hapana, Papa. Nilifanya déconnexion."

"Kweli?"

"Vile huyu mutoto alitufundisha. Nilisema hata 'nimetoka'." Akanigeukia. "Haukunisikia?"

"Nilisikia," nikasema.

Papa naye akanigeukia. "Fundi, muntu akitoka, maneno inaweza kubakia?"

"Hapana, Papa. Akitoka kweli, haiwezi kubakia."

Hilo neno "kweli" nililiongeza mwenyewe. Papa hakuliuliza. Niliisema sentensi ile kwa sababu niliiamini huduma yangu, lakini nilijua pia kwamba tangu Jumatano sikuwa nimeangalia. Mimi ninayekagua mlango mara nne sikukagua hata mara moja kabla ya kumtwika mtu mwingine sentensi hiyo.

Wapita njia walikuwa wameshaanza kusimama mlangoni. Mmoja wao akasema, wala si kwa kunong'ona, kwamba watu wa kule kwao ndivyo walivyo, midomo haikai. Mama Mukubwa alisikia. Kule kwao kulikuwa mitaa mitatu kutoka pale.

"Enda upumuzike kidogo," Papa alimwambia. "Mpaka maneno itapoa."

Hakubishana. Alichukua mto wake wa kukalia na kitambaa chake cha kufutia vumbi la kibodi, akapita katikati ya wale watu.

Mchana huohuo nilifungua kumbukumbu za mashine. Niliona huduma imeanza Jumatano asubuhi, dakika niliyoingia mimi, na imekufa saa tisa, dakika umeme ulipotukata sote. Kati ya hizo dakika mbili kikao cha asubuhi kilifungwa na cha mchana kikafunguliwa juu yake, nayo haikutikisika. Nilielewa kabla sijafika mwisho wa mstari.

Kisha nikaitengeneza. Nilibadili mistari michache, nikaiondoa huduma kwenye jina na kuifunga kwenye kikao. Ilinichukua dakika kumi na moja. Nikajaribu, mimi nikiwa ndani kwa waya wangu: nikatoka kwenye skrini, nikaingia, patupu. Kwenye daftari niliandika maneno mawili, "marekebisho madogo". Nikafunga daftari. Sikumwambia mtu.

Hiki ndicho kitu ninachokipunguza kila ninaposimulia. Nilijua Jumatatu. Siku ileile, kabla ya jua kushuka.

Nilinyamaza siku tisa. Kila siku ilikuwa na sababu yake. Kwanza nilijiambia nithibitishe. Nilipothibitisha, nikajiambia niandike maelezo kamili ili Papa aelewe. Nikachora: pembenne kubwa ya jina la mtumiaji, ndani yake pembenne mbili za vikao, na mshale. Mishale haikunyooka, nikachora upya. Nikaona rangi zinachanganya, nikachora upya tena. Ndivyo ukamilifu wangu unavyonihudumia ninapotaka kuwa mwoga, huniletea kazi.

Siku hizo Yaya alifanya zamu zote mbili. Wateja waliuliza, "Yule wa mudomo hayuko?" wakacheka, wakampa karatasi zao. Kina mama wa parokia, ambao miaka yote walimwachia Mama Mukubwa barua za chama chao, walimwomba apumzike na hizo pia. Aliyenieleza hayo alidhani ananiletea habari tu. Nilimsikiliza huku nikifuta printa ambayo haikuwa na vumbi.

Siku ya tisa, asubuhi, Yaya alinigeukia akiwa kwenye kiti chake.

"Fundi, ile kintu ya kukopie. Mbele nilikuwa nakuta maneno ya asubuhi ndani. Sasa nikiingia, iko bure, haina kintu. Ulifanya nini?"

"Ulikuwa unakuta maneno ya asubuhi?"

"Kila siku. Nilifikiri njo vile ulipenda."

"Ni mise à jour tu," nikasema, kana kwamba ni usasishaji wa kawaida.

"Ulifanya siku gani?"

"Lundi," nikasema. Jumatatu.

"Lundi ya yule mama?"

Yaya aliondoa mikono kwenye kibodi, jambo ambalo hakulifanya hata kwa kupiga chafya.

"Ah," akasema. "Basi ulijua."

"Nilikuwa natayarisha maelezo."

"Maelezo ya nani? Mama ile iko ku nyumba, bantu banamuchekelea, weye unatayarisha." Hakupandisha sauti. "Enda kwake sasa hivi. Saa sita nikiona ungali hapa, nafunga mulango naenda minye mwenyewe."

Nilikwenda kwa miguu na michoro yangu kwenye bahasha. Nyumba yao ni ya matofali waliyofyatua wenyewe, na mvua ilikuwa imekula chini ya ukuta wa upande wa barabara. Nilimkuta amechuchumaa, anaziba kwa udongo. Nilisimama kando.

"Mama Mukubwa, njo minye."

"Naona njo weye. Kaa."

Sikukaa. Nikatoa michoro nikaanza: jina la mtumiaji, kikao cha kwanza, kikao cha pili, mshale. Alinisikiliza huku anasugua udongo vidoleni. Nilipofika kwenye mshale aliniinulia mkono.

"Sema tena, pasipo karatasi."

"Weye ulitoka. Lakini minye nilikuwa ndani kwa jina yako. Mashini ilifikiri ungali ndani, ikabakisha maneno."

"Kwa jina yangu."

"Ndiyo, Mama."

"Nani alikutuma uingie kwa jina yangu?"

"Hakuna. Nilitaka kuona kama kazi iko muzuri."

Kisha akauliza swali ambalo katika michoro yote sikulitengea nafasi.

"Na ulijua siku gani?"

Ningeweza kusema jana. Yaya asingenisuta, sidhani. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Lundi," nikasema. "Ile siku ulienda. Mu muchana."

Alihesabu kwa vidole vyenye udongo, polepole, kidole baada ya kidole.

"Basi, ya mashini nimeisikia. Sasa nieleze hizi siku kenda."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Bantu baseme minye haiko fundi."

"Na minye, balisema niko nini?"

Alirudi kuchota udongo, akaubandika, akaulainisha kwa kiganja, akachota mwingine. Nilidhani ameniruhusu niondoke. Nilipogeuka alisema, bila kunitazama, kwamba kumwambia Papa peke yake hakutoshi. Papa hakuwa peke yake siku ile. Karatasi ile ilisomwa na chama, basi nikaseme mbele ya chama.

Papa nilimwambia mchana huohuo. Nilitegemea kelele. Aliniuliza maswali mawili ya kuhakikisha ameelewa, kisha akasema, "Nilikuuliza mbele ya bantu." Akaingia chumba chake, akafunga mlango.

Jumapili baada ya misa chama kilikutana katika darasa la shule ya parokia. Nilikuwa na kurasa mbili. Mama Mukubwa alikaa safu ya nyuma, amevaa kama siku ya sikukuu. Mwenye barua hakuwapo, na nilikuwa nimejiapiza kwamba hakuna neno hata moja la barua yake litakalotoka kinywani mwangu. Nilianza kusoma kuhusu mfumo na namna unavyohesabu watumiaji. Sikumaliza nusu ukurasa.

"Fupisha, mutoto," mwenyekiti akasema. "Bantu iko na njaa."

"Enginyeri," akasema mzee mmoja karibu na dirisha, "na ile viti, njo mashini ilinunua?"

Walicheka wote, hata baadhi ya waliosimama nje. Sikioni mwangu kilikaa kicheko kile kwa muda mrefu. Nikakunja kurasa zangu.

"Mama Mukubwa alifunga mashini," nikasema. "Minye njo nilibakisha wazi. Hakusema neno na muntu. Tena nilijua ile siku alifukuzwa, nikanyamaza siku kenda."

Kicheko kilikatika. Mwenyekiti alimtazama katibu.

"Kwa hiyo mama huyu hakusema kintu?"

"Hakusema," nikajibu.

"Basi andika mu procès-verbal."

Katibu akaandika. Papa aliagiza muhtasari ule niupige chapa mimi, na niliupiga. Ulikuwa na sentensi tatu kunihusu, katikati ya habari za ukarabati wa choo na mchango wa mgonjwa. Nilizisoma neno kwa neno kabla ya kuchapisha nakala thelathini. Hazikuwa na kosa.

Kwa mwenye barua nilikwenda pia, jioni ya siku ileile. Alifungua mlango robo. Nilipoanza kusema kwamba haikuwa Mama Mukubwa, alinikatiza.

"Minye sipendi kujua mambo ya mashini. Bantu balisoma."

Akafunga. Shemeji yake nasikia alikuja baadaye, lakini kilichosemwa ndani ya nyumba ile sikijui, wala si haki yangu kukiuliza. Kwake sina nilichorekebisha. Ninampita sokoni, ninamwamkia, mara nyingine anaitikia.

Mama Mukubwa alirudi baada ya majuma mawili, Papa alipokwenda mwenyewe kumwomba. Wanaokaa kando yake kusema mambo yao wamepungua. Wengine humtaka aandike kwa kalamu, naye huandika. Akaunti sasa ni tatu, kila mtu na jina lake na neno lake la siri, na Papa amelikubali hilo bila kulisifu. Huduma ya kunakili imefungwa kwenye kikao. Inaanza nacho na kufa nacho, hata kama kuna mtu mwingine ndani. Nikitaka kukagua mashine ninaomba kwanza, kisha naingia kwa jina langu, na nikimaliza natoka. Bado ninakagua vitu mara nne. Lakini nikikuta kosa langu, ninamwambia anayeumizwa nalo siku ileile, kabla sijaanza kulitengeneza.